Nilivaa Viatu vya Kapteni Kabla Yake

Siku mliponisaidia kufunga masanduku yangu kule Jeddah, mmoja wenu aliniuliza, kwa adabu lakini kwa kushangaa, "Mzee Boni, hasa ulikuwa unafanya nini miaka yote hiyo?" Nikamjibu kwamba nilikuwa navaa viatu vya mtu mwingine. Mlicheka, mkadhani mzee ameanza kuchoka kichwa. Sasa niko nyumbani Machakos, nina kiti, nina chai, na hakuna anayenipigia filimbi, kwa hiyo nitawaeleza vizuri, ninyi mliobaki na funguo za chumba cha vifaa. Habari za mishahara na vyeo sitazigusa. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara wangu hauwezi kumfundisha mtu chochote isipokuwa uvumilivu.

Nilifika Riyadh mwanzoni mwa miaka ile ambapo ndege za kutoka Nairobi zilikuwa zikijaa Wakenya wanaokwenda kazi Saudia, kila mtu ameikumbatia bahasha aliyopewa na ajenti. Wengi walikuwa vijana. Mimi nilikuwa nimeshapita arobaini, kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi Athi River kimefungwa, na watoto wako shule. Ajenti aliniahidi kazi ya kulinda ghala. Ghala hilo sijaliona mpaka leo. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenichukulia kibali na kushika karatasi zangu, aligeuka kuwa klabu ya mpira. Wakaniweka getini, nikawa nafungulia magari ambayo bei yake sikutaka kuijua, mpaka mfuaji nguo mmoja alipokwenda likizo kwao asirudi. Meneja akanitazama, akaninyooshea kidole, akasema, "Wewe, yalla, haraka, chini." Ndivyo nilivyoingia kwenye soka.

Chini kulikuwa na chumba cha vifaa, na chumba hicho kilikuwa cha Amm Idris, Msudani mrefu mwenye sauti ya upole na sheria nyingi. Amm maana yake ni ami. Huko ndivyo anavyoitwa mtu aliyekuzidi umri hata kama hamna undugu. Alinionyesha mashine za kufulia, rafu za jezi, na ukuta mzima wa viatu vya mpira, kila jozi kwenye kisanduku chake chenye namba ya mchezaji. Akaniambia jezi ikichanika hubadilishwa, mpira ukipasuka hubadilishwa, lakini mguu haubadilishwi, kwa hiyo anayeshika viatu ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote pale klabuni. Nilidhani ni maneno ya mtu anayejipandisha. Nilikuja kumwamini baadaye.

Siku ya kwanza kuachiwa viatu peke yangu nilitaka kuonyesha kwamba Mkenya anavijua viatu. Mimi ni mtu niliyekaguliwa viatu kila Jumatatu gwarideni shuleni, na kwangu kiatu ama kinang'aa ama ni aibu. Nikaenda dukani, nikanunua rangi nyeusi na brashi. Viatu vya namba kumi na nne vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini kama sikio la mbuzi, na machoni pangu vilionekana vimetupwa. Nikavipaka rangi, nikavipiga brashi, nikavifuta kwa kitambaa mpaka nikauona uso wangu. Amm Idris alikuwa amekwenda kuswali. Aliporudi, viatu vilikuwa vimeshachukuliwa.

Mazoezi hayakufika mbali. Soksi nyeupe ziligeuka nyeusi, mpira ukajaa madoa, na kila pasi iliyotoka kwenye viatu vile iliteleza ikaenda inakotaka. Mwenye viatu akaja mwenyewe mlangoni, amekishika kimoja kwa vidole viwili.

"Nani amenivalisha viatu vya jeshi?" akauliza.

"Ni mimi, Kapteni," nikasema, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na hapakuwa na mahali pa kujificha.

Huyo ndiye Kapteni Wahib. Alikuwa kiungo mchezeshaji, mtu ambaye timu nzima humpa mpira ili aamue uende wapi. Alizaliwa Kandara, mtaa wa zamani wa Jeddah uliobanana karibu na stendi ya zamani ya mabasi, na klabu yetu ilimnunua akiwa hajaota ndevu. Uso wake ulikuwa kwenye mabango ya maziwa na ya simu toka uwanja wa ndege mpaka mjini. Nyuma yake mlango ulijaa watu waliokuja kuona nikifukuzwa. Lakini yeye aliangalia miguu yangu, iliyokuwa ndani ya kandambili, akaniuliza navaa namba ngapi. Nikamwambia. Akaniamuru nivue, akavua na yeye, akauweka mguu wake kando ya wangu pale sakafuni. Ilikuwa sawasawa, na hata mguu wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia kidogo, kwake kama kwangu.

"Amm Idris," akasema, "mguu wangu umepata ndugu." Akaenda zake.

Niliuliza kama nimefukuzwa. Amm Idris akatikisa kichwa, akasema nimeajiriwa mara ya pili.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo mlilokuwa mkiniona nikilifanya bila kuelewa. Kiatu kipya cha mpira ni kigumu kisiginoni na kwenye mkunjo wa vidole. Mchezaji akikivaa hivyo hivyo, kinamchubua, na mchezaji aliyechubuka anakimbia akiufikiria mguu badala ya mpira. Kwa hiyo mtu mwingine lazima akilainishe. Unavaa soksi mbili, ile ya nje umeilowesha maji ya vuguvugu na kuikamua. Unafunga kamba bila kukaza. Unatembea, hukimbii, mpaka soksi ikaukie mguuni. Kisha unakijaza karatasi za gazeti na kukianika kivulini, kamwe si juani, na jua la Riyadh halina haja ya kuelezwa. Unarudia mpaka kiatu kikunjike kwa upole mahali pale ambapo mguu wenyewe unakunjika. Mimi nilizunguka maegesho ya klabu kila alasiri, mtu mzima wa Machakos katika viatu vya rangi ya chungwa vyenye meno chini, na madereva wa wachezaji wakinipigia makofi. Waliniita Abu Jazma, yaani Baba Viatu. Kwa Kiarabu hilo si jina la heshima sana, lakini walilitamka kwa upendo na nikalizoea.

Mechi ya kwanza baada ya hapo nilikaa kando ya uwanja na kapu la maji. Kapteni alipokea mpira, mgongo wake ukielekea lango la wapinzani. Hakuinua kichwa. Akaupeleka upande wa pili wa uwanja, mahali ambapo hapakuwa na mtu yeyote, na nikajiambia, basi, ameupoteza. Kisha mtu akafika. Mpira ulimkuta katikati ya hatua yake, haukumngoja wala haukumkimbia, na uwanja mzima ukasimama. Mimi nilibaki nimekaa naitazama miguu yake. Viatu vile jana yake vilikuwa miguuni mwangu, na havikufanya cha maana ila kuzunguka magari. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile na kufurahi kiasi kile kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuhimizwa kazini.

Ijumaa nilikuwa natoka chumba chetu mtaani Malaz kwenda sokoni Batha, kama Wakenya wote, kutuma pesa nyumbani, kutafuta unga mweupe wa ugali na kusikia Kiswahili. Njoroge, dereva wa lori la maji, hakuwahi kunisalimia kabla ya kuuliza.

"Boni, wacha mchezo. Huyo jamaa anapewa ngapi kwa mwezi?"

"Sijui, Njoroge."

"Unafua soksi zake na hujui? Buda, mimi najua."

Angetaja kiasi, aliyesimama karibu naye angekiongeza, wa tatu angeapa kwamba hiyo ni ya wiki, na kabla hatujafika mwisho wa barabara Kapteni angekuwa na uwezo wa kuinunua Mombasa na feri zake. Mshahara wake ulijulikana na kila mtu Batha isipokuwa mimi. Niliwahi kumsimulia Kapteni jinsi wanavyompigia hesabu. Tulikuwa tukizungumza Kiarabu cha chumba cha kubadilishia nguo, kifupi na kilichovunjika upande wangu, nami hapa nakiweka kwa Kiswahili, ila ile "ya" yake ya kuniita, maana yake ewe, nimeiacha. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyoosha mguu wa kulia na kuligonga goti.

"Waambie mshahara si wangu, ya Boni. Ni wa huyu. Siku huyu akisema halas, imetosha, mimi ni mtoto wa Kandara tena."

Alisema kwa mzaha, na mimi nikacheka kwa mzaha.

Kuna jambo jingine la kazi yetu ambalo lazima nilieleze kabla sijaendelea. Wakati wa sala, wachezaji na makocha wote walijipanga kwenye mkeka mrefu ndani ya chumba, wakavua viatu wakaviacha ukingoni. Mimi ni Mkristo. Kanisa langu huko lilikuwa ndani ya simu, nikilisikiliza kwa kipaza cha sikioni nikikunja taulo. Basi wao wakiswali, mimi nilibaki mlangoni navipanga viatu vyao jozi jozi, vidole vikitazama nje, ili wakimaliza kila mtu aingize mguu aende. Amm Idris, kabla hajarudi kwao Sudan kupumzika, aliniachia wasia mmoja tu wa kazi. Akasema nisimtazame mchezaji anaposhangiliwa, maana hapo anatazamwa na wote. Nimtazame anapofanya yale ambayo hakuna anayemtazama akiyafanya. Alinikumbatia, akanipa funguo, akaondoka na koti lake mkononi.

Miaka ikaenda. Kapteni alikuwa akiswali safu ya mbele siku zote. Kisha msimu mmoja nikaona amehamia safu ya nyuma, pembeni kabisa, karibu na ukuta na karibu na mimi. Mwanzoni sikulitia maanani. Halafu nikaona kwamba wakisujudu yeye hutangulia kuweka mikono, kama mtu anayeshuka ngazi asizoziamini. Wakiinuka, wenzake wanakuwa wameshasimama na yeye bado yuko chini, kiganja kimeushika ukuta, goti la kulia linakataa. Anauma meno, anasimama, na uso wake unakuwa wa kawaida kabla ya salamu. Uwanjani bado alikuwa mfalme. Alikuwa amejifunza kukimbia kidogo na kuona zaidi, na magazeti yaliandika kwamba umri umempa hekima.

Nilijua mwisho wa njia hiyo unafananaje, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba yake. Mzee Salim alikuja Riyadh mara moja kumtazama mwanawe. Alikuwa amebeba mizigo bandarini Jeddah maisha yake yote, na bandari ilikuwa imebaki na magoti yake. Alitembea kwa fimbo mbili, na wakati wa sala mimi ndiye niliyemletea kiti, kwa kuwa hakuweza tena kushuka chini. Aliswali amekaa, akiinamisha kichwa tu pale wengine walipoweka vipaji vya nyuso mkekani. Alipomaliza alinishukuru, akaniambia jambo ambalo sikulisahau: kwamba chakula kigumu amekiacha, safari amekubali kuziacha, lakini kukosa kuigusa ardhi kwa kipaji cha uso kunamliza kila siku.

Basi ikaja habari iliyoitikisa nchi. Klabu kubwa ya Jeddah ilimtaka Kapteni kwa misimu miwili, arudi kumalizia mpira mji aliozaliwa. Malipo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba hata Batha hawakuona haja ya kuyaongeza. Njoroge alinishika bega akaniangalia bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Klabu yetu ilikubali kwa huzuni, mashabiki wa huku wakalia, wa kule wakapiga honi barabarani. Kapteni akashuka chumba cha vifaa na kisanduku kipya chini ya kwapa. Ndani yake kulikuwa na viatu vyenye rangi za klabu ya Jeddah.

"Ya Boni, kazi ya mwisho. Nilainishie hivi."

Nilikipokea kisanduku nikasimama nacho. Niwe mkweli, niliogopa. Ikama yangu, kile kitambulisho cha ukaaji, ilikuwa inakaribia kwisha, na neno moja la mtu kama yeye lingenirudisha nyumbani kwa ndege ya kesho. Lakini nilikuwa nimeuvalia mguu ule viatu miaka mingi, na nilimpenda.

"Kapteni, kwenye sala unainuka kwa kushika ukuta."

Akaugeukia mlango, akatazama nje. Mashine za kufulia zilikuwa zikizunguka, na nilitamani zizunguke kwa kelele zaidi.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Wakati ule wote wanakuwa wameinama."

"Wewe si Mwislamu. Kwa nini unatazama watu wakiswali?"

"Natazama viatu, Kapteni. Ninyi mko mbele ya viatu."

Akakaa juu ya kapu la nguo. Akaniambia daktari anajua, na kwamba amemwapisha daktari huyo asimwambie mtu. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba akiacha sasa na kutengenezwa, goti litakunjika tena. Akicheza misimu miwili zaidi kwa sindano, asitegemee. Lakini alikuwa ameshatoa neno lake, na mji mzima wa Jeddah unamngoja.

"Na baba yako anaswali kitini," nikasema.

Hapo akasimama. Sijawahi kumwona na hasira kama ile, hata kwa marefa.

"Wewe kazi yako ni viatu. Fanya viatu!"

Akaufunga mlango kwa nguvu. Nami nikafanya viatu. Nililowesha soksi, nikazunguka maegesho, nikitia meno ya rangi za Jeddah kwenye lami ya Riyadh. Nilivilainisha vizuri kuliko vyote nilivyowahi kulainisha, na kila hatua nilimwomba Mungu visivaliwe.

Siku ya kutia sahihi tulijazana mbele ya televisheni ya jikoni. Meza ilikuwa imepambwa, maua, skafu, wakubwa wamevaa kanzu nyeupe zilizonyooka. Kiti cha Kapteni kikabaki kitupu. Mtangazaji akazungumza mpaka akaishiwa, kisha wakaweka matangazo ya maziwa, na Kapteni akatutabasamia kutoka kwenye pakiti. Kesho yake alasiri alishuka kwangu, macho mekundu, mkononi ana viatu vile vile, meno yake hayajagusa nyasi.

"Nilipita nyumbani kwanza," akasema. "Nikataka kuswali na baba kabla ya kwenda kutia sahihi. Yeye kitini, mimi pembeni yake mkekani. Tulipofika kusujudu nikashindwa kuinuka. Hapakuwa na ukuta karibu, ya Boni. Baba akanyoosha mkono kutoka kitini akaniinua. Yule mzee! Yeye akaniinua mimi."

Alilia pale juu ya kapu la nguo chafu. Nami nikalia, nikamshika bega, na hakuna aliyeona haya.

"Halas," akasema.

Batha walipokea habari hizo kama msiba. "Amekataa?" Njoroge aliuliza, akauliza tena, "Amekataa? Buda, mimi ningecheza na mguu mmoja. Ningecheza nimelala!" Hata hivyo Ijumaa iliyofuata aliniambia kwa sauti ndogo kwamba amefikiria sana barabarani, na kwamba mtu anayeweza kuziacha pesa zile mezani anaogopesha. Nilikubaliana naye. Mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa Kapteni siku zile, ile hofu ya kumheshimu mtu kupita kiasi.

Klabuni kwetu wakammwagia sifa, wakaitundika jezi namba kumi na nne kwenye kioo mlangoni pa klabu, wakasema haitavaliwa na mtu mwingine. Kisha simu yake ikanyamaza. Hili magazeti hayakuliandika, kwa hiyo naliandika mimi. Mgahawani watu waliokuwa wakigombania kumlipia kahawa sasa walimuuliza kwa nini aliwaangusha. Goti likapasuliwa, akapewa magongo, na alipoweza kutembea akaanza kuja chumba cha vifaa asubuhi, anakaa juu ya lile kapu, anakunywa chai yangu ya maziwa.

"Ya Boni," akaniuliza siku moja, "asubuhi watu hufanya nini?"

"Wanakwenda kazini, Kapteni."

Akafikiri. "Basi nipe kazi."

Nikampa rundo la soksi azipange jozi. Mtu aliyeweza kuuona uwanja mzima bila kuinua kichwa alichukua muda mrefu kuikuta soksi ya pili, na taulo zake zilikunjwa zikafanana na sambusa. Nilizirudia akishaondoka. Lakini alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa, na polepole taulo zikanyooka. Nimeona wachezaji wengi wakimaliza mpira. Wengine hununua magari zaidi, wengine hugombana na kila kocha kwenye televisheni. Yeye alianza upya kwa soksi, na mimi nilikuwa nikisimama nyuma ya rafu nikimtazama, nikishangaa kama nilivyoshangaa siku ile ya pasi.

Aliporudi Jeddah kuishi karibu na baba yake, alikodi uwanja si mbali na Kandara akafungua shule yake ya mpira, hiyo hiyo mnayofanyia kazi ninyi. Akaomba nihamishiwe ukafili kwake. Watu huuliza ilikuwaje kuwa na kafili ambaye nimemfundisha kukunja taulo. Jibu ni kwamba alidai taulo zikunjwe vizuri mno. Kila asubuhi alifanya mazoezi ya goti na yule bwana wa kunyoosha viungo kutoka Misri, akipiga kelele za maumivu kiasi kwamba majirani walifunga madirisha. Wakati wa sala alikaa kitini nyuma, pembeni ya baba yake, viti viwili sambamba, na mimi mlangoni na viatu. Iliendelea hivyo hata nikaanza kuamini kwamba tulichelewa, yeye kuamua na mimi kusema.

Halafu alasiri moja, walipojipanga, akakisukuma kiti chake kando. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu, sikumbuki cha nani. Walipoinama, akashuka, mikono kwanza, kisha goti la kushoto, kisha la kulia, polepole, mpaka kipaji cha uso kikaugusa mkeka. Hata baba yake alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho. Katika chumba kizima ni mimi tu niliyekuwa nimesimama. Wakainuka. Naye akainuka pamoja nao, kwa wakati mmoja nao, mikono haikushika kitu. Nimeona viwanja vizima vikimsimamia yule mtu, nimeona watu wazima wakibusu nyasi alipopita. Nawaambieni sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile, na nilimshukuru Mungu wangu kwa Kikamba, na machozi yakalowesha kiatu cha mtu.

Baada ya salamu akaja moja kwa moja mlangoni.

"Umeona?"

"Nimeona, Kapteni."

"Hakuna mwingine aliyeona."

"Wote walikuwa wameinama."

Mzee Salim alipoambiwa alitaka arudie papo hapo, ashuhudie. Akarudia. Yule mzee akacheka na kulia pamoja, akiipiga fimbo yake sakafuni, na tangu siku hiyo akawa anamwambia kila mgeni kwamba mwanawe anasujudu kwa ajili ya wawili.

Yaliyobaki mnayajua. Magoti yangu pia yalianza kusema, na nikaomba kurudi nyumbani. Siku ya kuondoka mlinifungia masanduku, mkanipa saa ya ukutani ambayo mke wangu ameitundika jikoni, na Kapteni akafika amechelewa, anachechemea kidogo. Nikamuuliza kama goti limeanza tena. Akasema mafi mushkila, hakuna tatizo, ni malengelenge tu. Akanikabidhi kisanduku.

Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vya kwendea kanisani. Viling'aa mpaka nikauona uso wangu, maana alikuwa amevipaka rangi na kuvipiga brashi mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa bado na weusi kwenye kucha. Nikavigeuza. Soli zilikuwa zimekwaruzwa, na hapa kwenye mkunjo wa vidole ngozi ilikuwa imeshakunjika. Kwa muda mfupi nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba amenipa viatu vyake vya zamani. Kisha nikamwangalia miguu. Alikuwa amevaa kandambili, na visigino vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa plasta.

"Soksi mbili," akasema, "ya nje nimeilowesha. Nimezunguka uwanja wiki nzima, Amm Boni. Watoto wamenicheka sana."

Nilivivaa pale pale. Nilivivaa kwenye gari, uwanja wa ndege, angani, na barabara yote ya kuja Machakos. Jumapili nilivivaa nikaenda kanisani, nikapiga magoti, nikainuka. Havikunichubua popote.